Kutoka petroli hadi umeme: maswali ya wapenda magari ya kasi

Ukurasa huu ni wa mtu anayelitambua gari kwa mlio kabla halijakata kona, na ambaye sasa anasikia kila upande kwamba enzi ya petroli inaisha. Anataka kujua atapata nini na atapoteza nini. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara watu wa aina hiyo wanapokutana gereji au kwenye kundi la WhatsApp. Nayapenda magari ya petroli kwa dhati, na mapenzi hayo hayanizuii kusema ukweli kuhusu ya umeme.

Je, ni kweli gari la umeme linalishinda la petroli?

Kwa kuondoka taa inapogeuka kijani, ndiyo, na ubishi huo umeshafungwa. Tesla Model S Plaid ya mwaka 2021 ina mota tatu na nguvu ya farasi 1,020. Ni gari la milango minne, familia inakaa na mizigo inaingia, lakini linamaliza robo maili, yaani mita 402, chini ya sekunde 10. Kushindana nalo kwa petroli, Dodge ya Marekani ilitengeneza Challenger SRT Demon 170 ya mwaka 2023, injini ya V8, yaani silinda nane, yenye supachaja ya kusukuma hewa ndani na farasi 1,025, na hao farasi wote huwapati mpaka utie mafuta yenye ethanoli nyingi.

Wapenda petroli walibaki na kimbilio moja, mwendo wa juu kabisa. Mwaka 2019 Bugatti Chiron ilifika kilomita 490 kwa saa nchini Ujerumani, na wengi tukasema hapo umeme hautagusa. Septemba 2025 gari la umeme la Kichina, Yangwang U9 Xtreme, likafika 496 huko Papenburg, Ujerumani hiyo hiyo.

Wala umeme haukuanza mbio jana. Gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa barabarani lilikuwa la umeme. Liliitwa La Jamais Contente, na Mbelgiji Camille Jenatzy aliliendesha karibu na Paris tarehe 29 Aprili 1899.

Kwa nini linaruka vile?

Injini ya petroli haina nguvu ikiwa imelala. Lazima izunguke kwanza, ivute hewa, ichome mafuta, na kama ina turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, usubiri turbo ijae. Kila mwenye Subaru Forester XT, ile ya turbo, anakijua kile kitambo kidogo cha kukanyaga na kungoja, halafu gari linashtuka na kukusukuma mgongo. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha tairi tangu mzunguko wa kwanza. Hakuna kungoja, hakuna klachi, na kompyuta inapima utelezi wa tairi na kurekebisha nguvu haraka kuliko mguu wa dereva yeyote.

Lakini kuna upande wa pili. Mota ikizunguka kwa kasi sana, inazalisha volti zake yenyewe zinazopinga zile za betri, na msukumo unapungua. Ndiyo maana magari mengi ya umeme yanatisha kutoka 0 hadi 100, kisha yakivuka 150 yanatulia. Porsche walilijua hilo. Taycan yao, iliyozinduliwa mwaka 2019, ina gia mbili kwenye ekseli ya nyuma, ya chini kwa kuondokea na ya juu kwa mwendo mkubwa. Magari mengine mengi ya umeme yana gia moja tu.

Naishi Nairobi. Mwinuko unaleta tofauti yoyote?

Tena kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, na nashangaa haizungumzwi zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu kila inapovuta pumzi inapata oksijeni pungufu. Gari lile lile likishuka Mombasa linakuwa jipya. Turbo inafidia sehemu ya upungufu huo, na hii ni sababu mojawapo ya magari ya turbo kupendwa sana nyanda za juu.

Mota ya umeme haivuti hewa. Nguvu iliyo nayo Dar es Salaam ndiyo iliyo nayo Nairobi, Iringa au Eldoret.

Ushahidi mzuri uko Pikes Peak, Colorado, mbio za kupanda mlima wa kona 156 zinazoishia mita 4,302. Mwaka 2013 Sébastien Loeb alipanda kwa Peugeot ya petroli yenye farasi 875 kwa dakika 8 na sekunde 13, na rekodi hiyo ilionekana haitavunjwa maisha. Mwaka 2018 Romain Dumas akapanda na Volkswagen ID.R ya umeme, farasi 680 tu, akatumia dakika 7 na sekunde 57. Farasi wake walikuwa wachache, lakini hakuna aliyechoka njiani.

Na mlio je? Gari bila mlio ni gari?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu zaidi, na sitaki kulipuuza. Mlio wa Subaru za zamani, ule wa kuguguma, una sababu yake. Mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini yalikuwa na urefu usiolingana, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, kwa hiyo mapigo ya moshi yalifika kwenye turbo bila mpangilio sawa. Kasoro ya kihandisi ikawa sauti ambayo mtoto wa mtaani anaitambua akiwa amefumba macho.

Mlio ni furaha, lakini pia ni habari. Dereva anayejua gari lake haangalii dashibodi akiingia kwenye kona. Anasikia injini iko mzunguko gani, anajua kama gia ni sahihi, anasikia tairi zikianza kuteleza. Ukiondoa sauti hiyo, macho yanalazimika kufanya kazi ya masikio. Madereva wengi wazuri wakihamia umeme wanajikuta wameingia kona wakiwa na mwendo mkubwa kuliko walivyokusudia, na sababu ni hiyo.

Hyundai walilielewa jambo hili vizuri kwenye Ioniq 5 N ya mwaka 2023. Ukiwasha mfumo wake maalumu, vile vibao viwili nyuma ya usukani vinakuwa gia nane za kuigiza. Ukipandisha gia, kompyuta inakata nguvu ya mota kwa kitambo kidogo na mwili wako unausikia mshtuko. Ukisahau kupandisha, gari linagonga ukomo na kukwamakwama kama injini halisi ya mizunguko 8,000. Ukishusha gia kabla ya kona, linashika kama injini inavyoshika. Sauti inatoka kwenye spika. Kwenye karatasi ni mchezo wa kuigiza, na wakati huohuo gari linakuwa zito kidogo la kuondoka. Lakini dereva amerudishiwa kazi ya kufanya na habari ya kuitegemea, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko wote uliofanywa na kampuni yoyote katika kipindi hiki cha mpito.

Dodge walichukua njia nyingine. Charger Daytona yao ya umeme ina kifaa kinachopiga kelele kuelekea nje, ili barabara nzima isikie kama V8 inapita. Mimi sioni faida yake. Sauti inayomsaidia dereva ina maana, ila inayotengenezwa kwa ajili ya majirani ni kelele tu.

Uzito ni tatizo kweli, au ni maneno ya wapinzani?

Ni tatizo kweli, na ndilo kubwa kuliko yote. Kilo moja ya petroli ina nishati ya kama uniti 12 za umeme. Kilo moja ya betri nzima ya gari, pamoja na boksi na mabomba yake ya kupoozea, inabeba chini ya robo ya uniti. Mota inatumia nishati vizuri zaidi, zaidi ya asilimia 90 dhidi ya theluthi moja ya injini nzuri ya petroli, lakini pengo halizibiki lote.

Matokeo yake unayaona kwenye mizani. Subaru Impreza STI, toleo la mbio la Subaru, za miaka ya 1990 zilikuwa na kilo kama 1,250. Ioniq 5 N ina kilo 2,200. Charger Daytona Scat Pack inapita 2,600, uzito wa Land Cruiser. Betri ikiwa chini ya sakafu, gari halilali sana kwenye kona, na hiyo ni faida. Lakini fizikia haidanganywi na kompyuta. Uzito unakula tairi, unachosha breki ukizihitaji kwa dharura, na unaondoa wepesi ule wa gari kugeuka pale tu unapofikiria kugeuka. Kwa barabara zetu zenye mashimo na matuta yasiyo na alama, ongeza bushi na shokapu kwenye hesabu, na uangalie sana sakafu, maana betri ndiyo iko pale chini.

Linaweza kuhimili mbio, au ni la kuonyeshea mbwembwe mataa?

Inategemea gari. Adui ni joto. Betri ya lithiamu inapenda kufanya kazi kwenye nyuzijoto 20 hadi 40 hivi, na ukiikamua nguvu zote mfululizo inapanda haraka. Ikipanda mno, kompyuta inapunguza nguvu ili isiharibike. Magari mengi ya umeme ya kawaida yanakimbia vizuri mzunguko mmoja au miwili, kisha yanakuwa mapole. Hyundai wanasema Ioniq 5 N inamaliza mizunguko miwili ya Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, zaidi ya kilomita 40 za kukanyaga, bila kupungukiwa nguvu kwa kiasi kikubwa. Porsche Taycan Turbo GT ilizunguka Nürburgring kwa dakika 7 na sekunde 7. Kwa hiyo inawezekana, ila kwa gari lililojengwa kwa kazi hiyo.

Rali ni hadithi tofauti. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, magari yalikuwa ya petroli. Kuanzia 2022 yakawekewa mota ya umeme ya kilowati 100 kusaidia injini, na kuanzia 2025 mfumo huo ukaondolewa. Vumbi, mawe, maji ya ghafla na masafa marefu bado vinaipa petroli nafasi yake huko.

Subaru wameiacha STI?

Machi 2022 Subaru walitangaza kwamba WRX STI mpya ya petroli haitatengenezwa kwenye umbo jipya la WRX, na kwamba wanatafakari jinsi ya kuipeleka STI kwenye umeme. Kwa watu wa Nairobi, Kampala na Dar tangazo lile liliuma kama msiba. Mwishoni mwa 2025, kwenye maonyesho ya magari ya Japani, wakaonyesha magari mawili ya mfano yenye jina la STI, moja la umeme na jingine lenye injini ya boksa, yaani ya silinda zilizolala. Nasoma hapo kampuni ambayo imesikia vilio vya wateja wake na haijaamua.

Mbona makampuni yanarudi nyuma? Nisubiri?

Yanarudi nyuma kweli. Dodge walizika V8 za Charger na Challenger Desemba 2023, wakaleta Charger ya umeme, wateja wakasita, na sasa Charger inauzwa pia na injini ya silinda sita yenye turbo mbili. Porsche walisema ifikapo 2030 magari yao mapya zaidi ya asilimia 80 yatakuwa ya umeme, kisha wakalegeza. Mate Rimac wa Kroatia, mtengenezaji wa Nevera yenye farasi zaidi ya 1,900, alisema mwaka 2024 kwamba matajiri wanaonunua magari ya aina hiyo hawayataki ya umeme. Umoja wa Ulaya, uliopitisha mwaka 2023 sheria ya kusimamisha magari mapya ya petroli na dizeli ifikapo 2035, mwishoni mwa 2025 ulipokea pendekezo la Tume yake la kuilegeza.

Sababu si ufundi. Kasi imekuwa rahisi. Zamani farasi 600 walikuwa kazi ya maisha ya mhandisi, na leo gari la umeme la kubebea familia linao. Kitu kikipatikana kirahisi, mwenye fedha hakilipii tena bei ya juu. Anachotaka kulipia ni injini inayopumua, gia anayoibadilisha mwenyewe, harufu na mtetemo. Hapo ndipo petroli inapobaki, kwa bei kubwa na kwa watu wachache.

Magari ya kila siku yanaenda upande mwingine. Norwei, karibu magari mapya tisa kati ya kumi yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme. Ethiopia ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka huo huo wa 2024, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Kwa hiyo ukiniuliza, usisubiri makampuni yaamue. Kama una gari la petroli unalolipenda na ni zima, litunze, usiliuze kwa hofu. Kama unahitaji gari la kwenda kazini kila siku, hilo ndilo liwe la umeme kwanza.

Fundi wangu wa siku zote ataliweza?

Breki, shokapu, bushi, tairi na AC, ndiyo. Zaidi ya hapo, hapana, mpaka afunzwe. Chini ya gari la umeme utaona nyaya nene za rangi ya machungwa. Hizo zina volti 400, na kwenye Taycan au Ioniq 5 N ni 800. Zinaua. Fundi asiye na glavu maalumu na asiyejua kukata umeme wa betri kubwa kabla ya kazi asizisogelee, hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi, hata akisema ni kazi ndogo tu. Mwambie kwa heshima lakini usikubali.

Upande wa gharama, utasahau oili ya injini, plagi, mkanda wa taimingi, klachi na gasketi ya silinda hedi ambayo wenye Subaru tunaijua vizuri kuliko tulivyotaka. Breki nazo zinadumu, kwa sababu ukiachia mguu mota inageuka jenereta na kurudisha chaji. Teremka Kitonga au ule mteremko wa kwenda Mai Mahiu na utaona asilimia za betri zikipanda badala ya kushuka, huku breki zikiwa za baridi.

Wanaopenda kuongeza nguvu wajue kwamba kazi imehama. Hakuna turbo kubwa ya kufunga. Nguvu inafungwa ndani ya programu, na kampuni ndiyo yenye ufunguo. Tesla wamewahi kuwauzia wenye Model 3 nguvu ya ziada kupitia intaneti, gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Kinachobaki kwa fundi wa mtaani ni tairi, breki, shokapu na kupunguza uzito, na kwa kweli hapo ndipo gari la umeme linahitaji msaada zaidi.

Kuchaji nyumbani inakuwaje?

Betri ya Ioniq 5 N ni uniti 84. Kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, inayotoa kama kilowati 2 hadi 3, ni zaidi ya siku nzima. Ukifungiwa chaja ya ukutani ya kilowati 7 na laini yake peke yake, ni kama saa 12, yaani usiku mmoja. Vituo vya kilowati 350, ambavyo vinaipandisha kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18, havijaenea kwetu, kwa hiyo usinunue gari kwa kutegemea tangazo hilo.

Kumbuka pia kwamba mwendo unakula betri kuliko unavyokula tenki, maana upinzani wa upepo unapanda mara nne mwendo ukizidi mara mbili. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480 na njia kwa sehemu kubwa inapanda. Mwendo wa mbio na safari hiyo havikai pamoja bila kuchaji njiani.

Kwa mazingira, kuna nafuu kweli au ni biashara tu?

Kuna nafuu, hasa kwetu. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, na Tanzania sasa ina Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kwenye Mto Rufiji. Gari linalochajiwa hapo halifanani na linalochajiwa kwa makaa ya mawe.

Lakini betri ina chanzo chake, na chanzo hicho kiko kwa ndugu zetu. Kongo inatoa kama asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, nyingi kutoka mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, na katika mji wa Kolwezi wapo watu wanaoingia mashimoni kwa sururu na mikono, wengine watoto. Magari ya kasi ndiyo hutumia zaidi betri za nikeli na kobalti kwa sababu ni nyepesi kwa nguvu ile ile. Zile za chuma na fosfati hazina kobalti kabisa, ni nzito kidogo na hudumu sana. Ukiwa na hiari ya kuchagua, uliza ni ya aina gani.

Nataka kununua lililotumika. Niangalie nini yadi?

Anza na betri. Kwenye Nissan Leaf, ambayo ndiyo tunaiona zaidi kutoka Japani, pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijiti vidogo 12. Hivyo havionyeshi chaji, vinaonyesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza kikipotea, betri imeshapungua kama asilimia 15. Vizazi viwili vya kwanza vya Leaf havikuwa na mfumo wa maji wa kupooza betri, kwa hiyo lililoishi kwenye joto huchoka mapema, na likija kuishi Mombasa au Dar litaendelea kuchoka.

Kisha tazama tundu la kuchajia. Magari ya Japani huja na CHAdeMO kwa chaji ya haraka, ya Ulaya na CCS2, na yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China na GB/T. Hayo ya China, usukani ukiwa kushoto, yanaingia zaidi Ethiopia, Rwanda, Burundi na Kongo, na baadhi yake programu zake zote ni za Kichina na hazipokei masasisho nje ya China. Ulizia kwanza mji wako una vituo vya aina gani.

Usilipe kabla hujaliona likichaji, kwa waya wa kawaida na kwa chaja ya haraka, njia zote mbili. Muuzaji akikuambia kituo kiko mbali, jitolee kumlipia mafuta ya kukusindikiza.